Prefe na Michezo Isiyoomba

Prefe hakuamini kitu mpaka akipe alama mbili, ya kazi na ya kondwiti. Kondwiti ni tabia. Kila aliyesoma kwetu Kalemie ameiona chini ya buleta, ile karatasi ya matokeo, na wengi tumechapwa nyumbani kwa ajili yake. Basi Prefe aliipa mikate alama. Mahubiri ya padri aliyapa alama akiwa bado kwenye ngazi za kanisa, kwa sauti ambayo padri mwenyewe angeweza kuisikia. Suruali ya kwanza niliyomshonea aliivaa, akatembea mpaka barabarani, akarudi, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Kazi, muzuri sana," alisema. "Kondwiti, inabana."

Nikaitanua kiunoni.

Nilikaa ng'ambo ya barabara yake kwa miaka mingi, cherehani barazani, ikitazamana na baraza lake, kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake niliyaona tu bila kuuliza. Alikuwa mkuu wa sekondari, cheo ambacho kwetu kinaitwa prefe, na alipostaafu cheo kilibaki naye kama jina. Mke wake akawa Mama Prefe. Mimi aliniita Mama Furaha, kwa jina la binti yangu, ingawa binti huyo huyo aliwahi kumrudisha nyumbani kwa sababu ya minerval, ada ya shule. Hakusahau. Siku moja aliniambia, bila mtu kumuuliza, kwamba Furaha alikuwa na alama nzuri za kazi na angemrudisha tena.

Watu wakimkumbuka huanza na michezo ya simu. Mzee mwenye tai, mwenye mvi, aliyekuwa akinyang'anya simu za wanafunzi na kuzifungia kabatini mwaka mzima, amekaa barazani na simu mkononi, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, anacheza. Vijana waliosoma kwake walipita wakijikohoza kwa makusudi. Aliwajibu bila kuinua kichwa.

"Mi sichezi. Mi niko nakorije."

Na kweli alikuwa anasahihisha. Yote yalianza na mchezo wa mke wake. Mpwa wao, binti anayekaa Kigoma, aliwaletea simu kubwa ya kugusa, na ndani yake Mama Prefe akaweka mchezo wa bure wa shamba: kuku, mbuzi, kisima, mahindi. Mchezo ule ulikuwa na midomo. Wakati wa kula ulilia: kuku wako wana njaa. Wakati wa rozari ulilia: tazama tangazo hili, upewe debe la mahindi. Ukitaka kufungua lango la pili, lipa. Ukitaka mbuzi azae leo badala ya kesho, lipa. Mama Prefe hakulipa hata mara moja. Alitazama matangazo, akapokea mahindi, akacheka. Prefe ndiye aliyekuwa anakosa raha. Aliuita mchezo ule Muombaji, na kila ulipolia aliuliza kwa sauti ya uwanja wa shule, "Nani amekuita?"

Hapo ndipo alipoamua kutafuta mchezo unaolipiwa mara moja tu, kisha unyamaze. Sisi tulizoea kurushiana michezo kutoka simu hadi simu, bila kumlipa mtu, na hakuna aliyeona ubaya. Prefe aliona. Alisema kitu cha wizi hakiwezi kupewa kondwiti. Mpwa wa Kigoma alikuwa na kadi ya benki, akawa anamnunulia mmoja mmoja, na yeye anampelekea samaki wakavu kwa mashua za wafanyabiashara. Michezo ikaja. Prefe akaipanga kama darasa.

Namna yake ya kulinganisha ilikuwa ya mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote. Kwanza aliucheza mchezo mtandao ukiwa umezimwa, aone kama utalalamika. Kisha aliuacha siku kadhaa bila kuugusa, na huo ndio ulikuwa mtihani mkubwa kwake. Mchezo wa bure ukiuacha unanuna: mimea inakauka, jirani wa uongo anakuandikia kwamba umepotea. Mchezo mwema, alisema, unaukuta palepale ulipouacha, haukuulizi ulikuwa wapi. Mwisho aliangalia kama unakula betri, maana umeme wetu unakuja ukipenda.

Mchezo wa mashua na mawimbi ulikuwa mzuri kuliko yote machoni. Tulikuja kuutazama watu wa avenue nzima, mtaa wetu wote, maji yake yalimetameta kuliko ziwa letu lenyewe. Lakini betri iliisha kabla chai haijapoa, ukaanguka. Mchezo wa dama ulimshinda kila siku, na kila ukimshinda ulirusha fataki kwenye kioo. Kazi aliupa alama za juu. "Kondwiti, unajivuna," alisema. Mchezo wa maneno ya Kifaransa ulikataa neno ambalo alilijua tangu ujana. Prefe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kamusi nzee isiyo na jalada, akaifungua mbele ya simu, kidole juu ya lile neno, akangoja. Simu haikuona aibu. Mama Prefe alicheka mpaka akashika mlango.

Kulikuwa na mmoja uliomchoma. Ulikuwa mchezo wa kujenga nyumba, ukalipiwa, akaupenda, akausifu kwetu sote. Baada ya siku chache ukafungua kidirisha kidogo chenye rangi: ukitaka vigae vyekundu vya paa, ongeza pesa. Prefe aliweka simu chini kwenye mkeka polepole.

"Nimelipa," alisema. "Nimelipa yote! Sasa wananirudisha nyumbani nilete vigae?"

Mimi nilikuwa ninatia uzi kwenye sindano. Nikamwambia kutoka ng'ambo, "Prefe, ata sisi tulilipaka minerval yote. Halafu mulituma watoto walete ufagio na mufuko wa simenti."

Prefe alitazama simu pale mkekani. Mama Prefe alijifanya anatafuta kitu ndani ya sufuria.

"Mama Furaha," Prefe alisema mwishowe. "Kondwiti."

Lakini jioni ile alivuka barabara, akaja kuomba chumvi, na akasema kwamba saruji ile ilijenga vyoo vya wasichana. Nikamwambia najua. Furaha alivitumia.

Chumvi. Hilo nalo niliseme. Mtu huyu aliyechukia mchezo wowote unaoomba alikuwa ndiye muombaji mkuu wa avenue yetu. Chumvi, kiberiti, sindano, kijiko cha sukari, makala, yaani mkaa wa kuwashia pasi. Mke wake alikuwa na chumvi, niliiona. Yeye aliomba kwangu kwa sababu alitaka kuvuka barabara na kuongea, na hakujua njia nyingine ya kumtembelea mtu. Nilimpa na sikumwambia kitu. Zamani ningemcheka kwa hilo.

Shule zetu zinapofunga mwaka kunakuwa na siku ya kutangaza matokeo, proklamasyo. Wazazi wanajaa uwanjani, majina yanasomwa kwa sauti, na aliyepita anamwagiwa poda kichwani mpaka uso unakuwa mweupe, kisha anatembezwa barabarani hivyohivyo ili kila mtu aone. Prefe alisoma majina hayo miaka mingi. Alipostaafu, siku hiyo ilimtesa. Alisikia kelele zikitoka kwenye kilima, akawa anaingia na kutoka nyumbani bila sababu. Basi mwaka wa pili wa michezo yake akatangaza proklamasyo yake mwenyewe, Jumapili baada ya misa.

Tulileta viti kutoka nyumbani. Alisimama barazani na tai, bila karatasi, akasoma matokeo ya michezo kama alivyosoma ya watoto, kuanzia chini. Aliyefeli alitajwa bila huruma. Aliyerudia mwaka alielezwa sababu. Watu walipiga makofi, walibisha, mtu mmoja alikata rufaa kwa niaba ya mchezo wa mashua. Na wa kwanza, mwaka ule na kila mwaka uliofuata, ulikuwa mchezo wa treni.

"Kazi, muzuri sana. Kondwiti, muzuri sana. Umelipwa mara moja, umenyamaza. Haulilie mutu. Hausemi mambo yako kwa mutu. Unakaa kwako." Kisha akachukua kopo la poda, akammwagia mke wake kichwani, kwa kuwa mchezo hauna kichwa na mwenye mchezo ule alikuwa yeye.

Nakumbuka uso wa Mama Prefe ukiwa mweupe na meno yake. Nakumbuka bila kusikia uchungu. Hivi ndivyo nilivyo tangu kilio chake, msiba wake: ninasimulia mambo haya sauti ikiwa shwari, watu wanadhani nina nguvu. Sina nguvu. Ni ganzi tu.

Mchezo wa treni ulianza na nchi tupu. Unapewa maji, nyasi, milima, na kituo kimoja. Reli unailaza mwenyewe, madaraja unajenga mwenyewe, na vituo unavipa majina. Kalemie ni mji wa reli, lakini treni yetu ya kweli inakuja siku isiyojulikana na kuondoka siku isiyojulikana, kwa hiyo kuona treni ikifika kwa saa yake, hata kwenye kioo, kulitufurahisha wote. Prefe alilaza reli zake fupi zilizonyooka, za kupewa alama. Mama Prefe aliufanyia kitu kingine kabisa.

Kwao kulikuwa Kirungu, huko juu kwenye milima ya Marungu. Ukitaka kwenda, unapanda mashua mpaka Moba, halafu unapanda mlima, na kwa magoti yake hilo lilikuwa limeshakwisha. Akasema atapandisha treni. Alianza kwenye maji, akaenda taratibu, maharagwe yakichemka pembeni, amekaa kwenye kigoda chake na simu kwenye paja juu ya kikwembe, kitenge chake. Mlima ulimkatalia. Daraja lilianguka, akalijenga chini kidogo. Alizunguka bonde zima kwa sababu treni haipandi mwinuko mkali. Hakuwa na haraka. Ilimchukua miaka, na mchezo haukumwambia siku moja kwamba amechelewa.

Vituo vyake vyote vilikuwa watu. Kimoja kilikuwa cha mama yake. Kimoja, kidogo, katikati ya majani, kilikuwa cha mtoto wao aliyekufa kabla hajajua kutembea, ambaye sijawahi kusikia wakimtaja kwa mdomo. Prefe alikuwa na kituo penye kona kali. Mimi nilikuwa na changu.

"Chako nimekiweka karibu na maji, Mama Furaha," aliniambia. "Wewe bila samaki hauishi."

Muombaji aliuacha kabisa siku hizo, lakini hakuufuta. Prefe alimwambia aufute, mara nyingi. Yeye alisema, "Uache. Unakula nini yako?" Ukawa unalia tu mle ndani ya simu, kuku wana njaa, na hakuna anayejibu.

Mama Prefe alipougua, vidole vilianza kumkataa. Prefe alishika simu mbele ya uso wake, yeye anaelekeza: hapo, hapana, rudi, kata kona hapo. Nilikuwa ninampelekea uji na kuwakuta hivyo. Mara moja Prefe alitaka kupita njia fupi. Mama Prefe alifumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Kazi, muzuri. Kondwiti, haraka." Prefe akairudisha reli alikoambiwa. Kulikuwa kumebaki daraja moja kufika Kirungu. Mama Prefe alikufa daraja hilo likiwa na nguzo za upande mmoja.

Kwenye kilio tulikaa chini kama inavyokaliwa, wanawake ndani, wanaume nje chini ya turubai. Nilishona nguo za msiba za nyumba nzima na sikuchoma kidole. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, karibu na picha yake. Katikati ya nyimbo, watu wametulia ili mtu mmoja aombe, simu ikalia, na kwenye kioo yakatokea maneno ya Kifaransa ambayo mtu wa karibu aliyasoma kabla hajafikiri: Mama Prefe, kuku wako wanakungoja.

Prefe alikuwa mlangoni. Aliingia, akaichukua, akaizima, akairudisha palepale.

"Muchezo ambao haujue kama mutu amekufa," alisema, "hauna kondwiti ata kidogo."

Tukaendelea na maombi. Kesho yake nilimpelekea chai nje, akaniambia kitu kimoja tu, akitazama kikombe. "Kilio kikiisha, nitamalizia lile daraja lake." Nikasema vizuri. Sikumwona akitaka kitu kingine chochote siku zile, si chakula, si kulala, wala si watu.

Ndugu zake Mama Prefe waliteremka kutoka Kirungu mpaka Moba, wakaja kwa mashua. Walikuwa watu wa adabu, na kaka yake mkubwa kuliko wote alikuwa wa adabu kupita kiasi. Siku ya kumaliza kilio, vitu vya marehemu vinasafishwa kabla havijagawiwa. Nguo hazivaliwi na mtu mwingine kabla hazijapita kwenye maji. Wanawake tulibeba vikwembe vyake mpaka ziwani, tukafua, tukatandaza kwenye mawe. Sahani zilioshwa, kigoda kilioshwa. Hakuna anayepewa kitu chenye jasho la marehemu. Ni kumkosea yeye na kumkosea anayepokea.

Jioni wanaume walikaa kugawa. Kaka mtu alisimama, akasema upande wao hautachukua simu, wanamwachia shemeji kwa sababu walicheza pamoja. Watu wakaitikia. Akaitoa mfukoni. Kioo kilikuwa kinang'aa.

"Nimeisafisha, shemeji," alisema. "Nimeipeleka kwa fundi wa sokoni, ameitoa kila kitu. Iko safi sasa, sawa na nguo. Hamuna kitu cha marehemu ndani."

Aliipokeza kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama na beseni la vikwembe vilivyokauka. Niliona Prefe akiipokea kwa mikono miwili pia, kama inavyopaswa.

"Aksanti, shemeji," alisema.

Kaka mtu alifanya kila kitu sawasawa. Angeirudisha bila kuisafisha, wazee wangemsema. Prefe aliyajua hayo kuliko mimi. Alikaa mpaka mwisho wa ugawaji, akawasindikiza wakwe zake bandarini asubuhi yake, akawapungia mkono. Alivyorudi alivuka barabara akaomba chumvi. Nilimpa. Tulisimama na ile chumvi kati yetu.

Mpwa alikuja kutoka Kigoma wiki zile. Alikaa naye barazani, akairudisha michezo yote iliyolipiwa, mmoja baada ya mwingine. Nilimsikia akieleza kwamba kilicholipiwa kimelipiwa, haununui tena, ni chako mpaka ufe. Dama ikarudi na fataki zake. Mashua zikarudi. Treni ikarudi: maji, nyasi, milima, kituo kimoja kisicho na jina.

"Na reli yake?" Prefe aliuliza.

"Mjomba, mchezo huu hautumi kitu popote. Kila kitu unakiweka ndani ya simu yenyewe. Hata walioutengeneza hawajui kama shangazi alikuwepo."

"Hausemi mambo yako kwa mutu," alisema Prefe.

"Ndiyo, Mjomba. Sasa uanze tu tena. Taratibu."

"Naanza wapi? Sijue alikata kona wapi."

Binti yule alilia. Prefe alimpa kitambaa chake, kilichopigwa pasi kwa makala yangu. Yeye uso wake ulikuwa mkavu, na wangu vilevile. Nilijua kituo changu cha karibu na maji hakipo tena, nikangoja kuumia, sikuumia. Nikamalizia pindo la sare ya kwaya.

Baada ya hapo Prefe hakusahihisha kitu muda mrefu. Mkate aliula bila alama. Padri alitoka kanisani salama Jumapili nyingi, mpaka akaniuliza mimi kama mzee anaumwa. Simu ilikaa kwenye kabati. Vijana waliacha kujikohoza wakipita, na hilo nadhani lilimkera zaidi, maana siku moja alimwita mmoja wao akamwambia akohoe. Niliogopa. Niliwaona wazee wengine wakienda hivyo, kidogokidogo, wakivaa tai. Nilipika chakula cha ziada na kukipeleka, alishukuru, sahani ilirudi imeoshwa, na sijui kama alikula au aliwapa watu.

Mara ya mwisho ambayo nataka kuisimulia ilikuwa mwisho wa mwaka wa shule uliofuata. Kelele za proklamasyo zilikuwa zinateremka kutoka kilimani, vigelegele, ngoma, na watoto weupe wa poda walianza kupita barabarani na wazazi wao. Niliinua macho kwenye cherehani. Prefe alikuwa amesimama barazani kwake amevaa tai. Hakukuwa na viti. Hakuwa amemwalika mtu.

"Mama Furaha," aliita. "Kuja. Unatosha."

Nilivuka. Simu ilikuwa mkononi mwake, miwani kwenye ncha ya pua. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama Prefe kwa kuwa ndicho kilichokuwepo.

"Nilimutafuta Muombaji," alisema. "Nilitaka nimupe zero mbele ya watu. Juu ya ile siku ya kilio. Huwezi kumupa mutu zero kama hayuko, inafaa aitwe. Basi niliurudisha ndani ya simu. Ukaniuliza namba ya simu. Nikaupa namba yake, ile iko ndani hata leo, sikutoa ile laini." Akafuta kioo kwa mkono. "Angalia."

Aliniinamishia kioo. Palikuwa na shamba. Kuku walikuwa wanatembea, mbuzi amelala kando ya kisima, mahindi yamekauka yote. Langoni palikuwa na kibao, na juu yake, kwa herufi alizoziandika Mama Prefe mwenyewe siku zile za mwanzo, palikuwa na neno Kirungu. Lango la pili lilikuwa bado limefungwa na bado linataka kulipwa.

"Muombaji aliweka vyote," alisema Prefe. "Fundi hakuvifikia. Havikuwa ndani ya simu. Wanaviweka kwao, huko mbali, ili wapate namna ya kukuita urudi."

Aliweka kidole juu ya kuku mmoja mnene. Jina likatokea. Mama Furaha. Aliweka kidole juu ya jogoo, ambaye alikuwa amesimama peke yake juu ya jiwe, kifua mbele, akiwasimamia wengine wote. Jina likatokea: Prefe.

"Hakuniambiaka," alisema. "Miaka yote hii. Jogoo."

Nilicheka. Kisha nikaona uchungu, mkali, pale pale kifuani, kama siku ile ingekuwa ndiyo siku ya kifo cha Mama Prefe. Nilishika ukingo wa kigoda. Prefe hakunitazama, alijiweka sawa, akakohoa, akasimama mbele ya baraza tupu, na barabarani watoto weupe walikuwa wanapita.

"Proklamasyo," alisema. "Treni. Kazi, muzuri sana. Kondwiti, muzuri sana. Haikuweka kitu. Irudie mwaka." Alinyoosha tai. "Muombaji. Kazi, zaifu. Kondwiti, mubaya. Mubaya kabisa." Aligeuka kama wa kuingia ndani, nikadhani amemaliza. "Amepita."

Nilivuka barabara kuleta poda. Nilikuwa na kopo la Furaha nyumbani. Niliporudi aliinamisha kichwa mwenyewe, nikammwagia, ikapotea kwenye mvi zake na kubaki mabegani.

Wakati ule simu ikalia. Alisoma kwa sauti, polepole, akitafsiri: Mama Prefe, kuku wako wanakungoja. Nilidhani ataizima. Aligusa gunia la mahindi, tangazo la sabuni likaanza, akalitazama mpaka mwisho, akapewa debe lake, akalimwaga uani mle kwenye kioo. Kuku walikimbilia pale, jogoo nyuma yao.

"Ni huu peke yake haujajua kama alikufa," alisema. "Tusiuambie."